Kuku wa Odeta

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Muulize mume wangu Otuoma. Tumekaa miaka yote hii na sijamwambia hata mara moja kwamba anapendeza akivaa. Kwa hiyo ukinisikia namsifu mwanamke mwenzangu, tena niliyemjua kwa sauti tu kwa muda mrefu kabla sijauona uso wake, ujue nimefikiri kwanza. Mwanamke huyo ni Odeta, anayekaa Kiseke, pale Mwanza. Wapo waliomwita Mama Kuku, na wapo waliomwita majina ambayo siwezi kuyataja mbele ya watu wa kanisani. Mimi namwita Odeta, maana ndivyo alivyojitambulisha siku ya kwanza redioni: "Hapa ni Mwanza, anayesema ni Odeta, nani ananisikia?"

Nilikuwa namsikia vizuri sana. Shida ni kwamba yeye alikuwa hanisikii.

Hiyo ni miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na viwanda vya minofu vimeanza kuota pale mjini. Sangara, ambaye zamani tulimkatakata tukamkausha tukala na wanetu, ghafla akawa anatafutwa na watu wenye magari ya barafu. Mnunuzi anatua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, na barafu yake na bei yake. Ukiikataa bei, anaondoka na barafu, na wewe unabaki na samaki wako juani mnatazamana. Ndipo mialo kadhaa ya huku kwetu ikaungana. Tukajiita Umoja wa Mialo, tukapata mtumbwi mmoja mkubwa wa injini wa kubebea barafu, na parokia moja ikatukubalia kutumia redio zao za upepo kwa saa moja kila asubuhi. Saa moja, basi. Baada ya hapo hewa ni ya zahanati zao na shule zao. Katika saa hiyo kila mwalo useme una samaki kiasi gani, tupatane bei ya siku, tupatane na mtumbwi wa barafu unaanzia wapi. Mwalo ambao haujasikika, barafu haiufikii.

Sisi wa Mchangani, kisiwa cha Nsumbi, tulikuwa wa mwisho kwa udogo na wa mwisho kwa umbali. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake pekee, na redio nilipewa mimi kwa sababu nilimaliza darasa la saba na kwa sababu, kama wanavyosema, nina mdomo. Huo mdomo haukunisaidia kitu. Redio ya upepo si simu. Ina kitufe. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia, na mtu akishabonyeza cha kwake hakuna awezaye kumwingilia. Unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke, hakusikii, maana anayesema hasikii. Mwenye kitufe ndiye mwenye hewa.

Sasa wape watu wa kwetu hewa uone. Mjita atawasalimia wote mmoja mmoja na kuulizia wagonjwa. Msukuma ataulizia na ng'ombe. Sisi Wajaluo, sitaki kusema uongo, tukianza pole za msiba tunaweza kupita mpaka kwa shangazi wa marehemu. Na kumkatisha mtu mzima anayesalimia ni utovu wa adabu, hata mtoto mdogo analijua hilo. Saa yetu ilikuwa inaliwa na adabu.

Na aliyekuwa na adabu kuliko wote ni Mzee Luhaga. Huyu alikuwa kiongozi wa mwalo mkubwa kuliko yote, upande wa Sengerema, mbele ya Kamanga unakoshukia kutoka kwenye kivuko. Mtu wa heshima kweli, mwenye mitumbwi na mwenye neno. Yeye ndiye aliyekwenda kuomba hizo redio parokiani, kwa hiyo alifungua mazungumzo kila asubuhi, na akifungua, alianzia kwenye pamba. Atasimulia chama cha ushirika kilivyokuwa, kilivyokufa, nani alikiua, na kwa nini sisi tusiwe kama wale. Yote ya kweli, na yote tulikuwa tumeyasikia jana. Akija kuachia kitufe, mialo mitatu inagombea dakika zilizobaki, na mimi wa Mchangani nabonyeza, nasema, "Mchangani hapa," na padri wa zahanati anaingia kusema muda wenu umekwisha.

Samaki wetu wakaharibika. Si mara moja. Wenzangu wakaanza kuniuliza, "Akelo, hiyo redio yako ni ya kusikiliza hotuba?" Wawili wakarudi kimyakimya kwa wale wanunuzi wa zamani, kwa bei ya kutupa. Sikuwalaumu. Niliwaambia tuvumilie kidogo, na kama hatusikiki mpaka mvua zianze, tutajitoa kwenye Umoja na redio tutawarudishia.

Hapo ndipo Odeta alipoanza kuhangaika na sisi, wakati hata hajui tunafananaje. Alikuwa mwajiriwa wa Umoja, kazi yake kukaa kwenye kile chumba cha redio mjini na kuita mialo. Kabla ya hapo alikuwa kwenye ubao wa simu wa shirika moja, wale akina dada wa kukuunganishia, mpaka shirika likapunguza watu na yeye akapunguzwa. Mume alikwenda machimboni Geita akaoa huko huko. Odeta akakaa Kiseke akikaanga mandazi, mpaka mtu mmoja wa parokia aliyekuwa anaikumbuka sauti yake kwenye simu akamwita. Na ile sauti, niseme tu, ilikuwa sauti. Hakuwa akipandisha, hakuwa akishusha. Alikuwa akisema "Mchangani, bado nakutafuta," na mimi huku nimenuna nasikia kama mtu amenishika mkono.

Alianza kwa kuomba. "Ndugu zangu, tuseme kwa kifupi." Wote wakaitikia kwamba ni kweli kabisa, kisha wakaeleza kwa urefu kwa nini ni kweli. Halafu akatafuta kengele ndogo, akawa anaigonga pale mezani kwake muda wa mtu ukiisha. Hii ilinichekesha hata mimi. Agonge asigonge, Mzee Luhaga amebonyeza kitufe, atamsikiaje? Kengele ilikuwa inamlilia Odeta mwenyewe chumbani kwake. Mwingine angekata tamaa hapo, akachukua mshahara wake akanyamaza. Odeta alifikiri. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anakaanga mandazi Jumamosi moja ndipo akaona: kengele isikae kwake, ikae kwa anayesema. Na si kwa mmoja tu. Ikae kwa wote, ianze kwa wote, ilie kwa wote, ili pasiwe na mtu wa kusema Odeta kanionea.

Wakati huo maduka ya Mwanza yalikuwa yamejaa vitu kutoka nje ambavyo hatukuvijua hata kazi yake. Katika duka moja la vyombo alikuta saa za jikoni za plastiki zenye umbo la kuku. Kuku mnene, mwekundu, unamshika kichwa unamzungusha mpaka kwenye namba unayotaka, anaanza kurudi taratibu krr-krr-krr, akifika mwisho analia kwa kengele kali. Wazungu wanapimia muda wa kuchemsha mayai. Odeta akawashawishi viongozi wa Umoja, akanunulia kila mwalo kuku wake, wote wa aina moja. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa uvivu wangu, nisingefanya: hakuwatuma tu kwa mtumbwi wa barafu. Alipanda mwenyewe, mwalo kwa mwalo, akamkabidhi kila mtu kuku wake mkononi.

Ndivyo nilivyomwona kwa mara ya kwanza. Nilitegemea mwanamke mrefu. Akashuka kamtu kafupi, kamelowa mpaka magotini, kamekumbatia boksi. "Wewe ndiye Akelo," akasema. "Nimekuwa nikikutafuta." Nikamtengenezea samaki na ugali wa mtama, akala akamaliza, hakujifanya wa mjini. Nilipomwona yule kuku nikamwambia wazi kwamba Wajaluo hatujafikia hatua ya kuongozwa na kuku. Akacheka. Akasema, "Hatakuongoza wewe. Wewe ndiye utakayemngoja."

Kwa Mzee Luhaga ilikuwa ngumu zaidi. Hili nalisimulia kama alivyonisimulia mke wa mzee, Mama Teodora. Odeta alifika akapiga goti, akaamkia. Mzee akaitika marahaba, akamwangalia yule kuku, akasema, "Binti, nilitegemea mgeni wa kutoka mjini aniletee kuku mwenye nyama."

"Huyu haliwi, mzee," Odeta akasema. "Huyu ni wa kikao. Ukianza kusema, mialo yote tunawazungusha pamoja. Wakilia, anayesema anaachia."

"Kwa hiyo mimi nikatishwe na kuku."

"Mimi siwezi kukukatisha, baba. Na wala hakuna mwaloni awezaye. Ndiyo maana nimekuletea kitu cha kujikatisha mwenyewe."

Mama Teodora anasema mzee aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akamchukua kuku, akamweka juu ya kabati la vyombo kwenye kitambaa cha kufuma, karibu na picha ya harusi.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Odeta akasema, "Zungusheni," huku Mchangani nikazungusha, kule kwingine wanauliza wazungushe kulia au kushoto. Wale wa mwalo wa Magu hawakuzungusha kabisa. Mwenyekiti wao alikuwa amemwacha kuku ndani ya nailoni yake ili asichakae, amfae kwa wageni. Na Mzee Luhaga, ilipofika zamu yake, tukamsikia kuku wake akilia kwa mbali sana, kama amemezwa. Mzee akaendelea na pamba yake mpaka alipotosheka. Alipoachia, Odeta akauliza kwa upole wote, "Mzee Luhaga, kuku wako leo ana mafua?" Kumbe alikuwa amemfunika na mto. Mzee akabonyeza kujibu, na kicheko cha Mama Teodora kikapita hewani kabla hajasema neno. Kuanzia siku hiyo mto ukaondoka.

Lakini kilichonifanya mimi nimwamini Odeta si hicho. Siku moja ilikuwa zamu yake mwenyewe, anatangaza bei tuliyopatana. Bei ndiyo kitu pekee ambacho kila mtu alikuwa anakingoja, penseli mkononi. Akasema, "Bei ya leo kwa kilo ni," kuku akalia. Akaachia kitufe. Ziwa zima tumekaa na penseli. Otuoma akasema huyu mwanamke ana wazimu. Odeta akamwita aliyefuata, akamwita na mwingine, mpaka zamu yake iliporudi ndipo akamalizia. Alikuwa amepoteza muda wake kwenye kushukuru watu mwanzoni, na hakujiongezea hata sekunde. Baada ya hapo nani angebisha? Watu wakaanza kujifunza kusema kilicho moyoni kwanza na salamu baadaye. Mzee Luhaga naye akajifunza kuanza na samaki, akamalizia na pamba kadri kuku atakavyomruhusu, na nadhani kimoyomoyo alianza kuona raha ya kuwahi.

Nakumbuka siku Mchangani tulipofikiwa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu miezi iliyopita. Odeta akasema, "Mchangani, zamu yako, zungusheni," na mimi nikasema, "Samaki tunao, wengi," halafu nikakwama. Kuku anarudi krr-krr, hasira zangu zote zimekwisha. Odeta akasubiri, kisha akasema, "Mchangani, muda wako bado upo." Nikasema, "Basi nawasalimu." Ziwa zima likanicheka, na alasiri mtumbwi wa barafu ukaja. Wale wenzetu wawili wakarudi kikundini.

Sasa nije kwenye ile asubuhi, maana bila hiyo nisingekuwa na sababu ya kumsimulia mtu huyu.

Upepo ulikuwa umepiga ziwa tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, upepo mbaya wa kung'oa mabati. Mtumbwi wa barafu haukuja, na pamoja nao haikuja betri yangu. Tulikuwa tunatumia betri ya gari; ikiisha inapelekwa mjini kuchajiwa na nyingine inaletwa. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka, kitaa chekundu cha redio kinawaka kama makaa yaliyosahauliwa. Kulipopambazuka wanawake walioshuka kuchota maji wakaita. Mtumbwi uliopinduka ulikuwa umesukumwa mpaka kwenye mawe yetu, na vijana wawili wameung'ang'ania, midomo imekuwa ya kijivu. Tukawabeba. Mmoja hakuweza kusema. Wa pili alipopata uji kidogo akasema anaitwa Revocatus, mtoto wa Mzee Luhaga.

Nilimwangalia yule kijana amejifunika blanketi langu, nikafikiri jinsi ninavyoijua sauti ya baba yake kuliko sauti ya baba yangu mwenyewe. Kumpeleka kwao haikuwezekana, ziwa bado lilikuwa linachemka, hakuna mwenye akili angetoa chombo. Kuita kabla ya wakati pia haikuwezekana, kwa sababu redio za mialo zote zinazimwa kutunza betri mpaka saa yetu ifike. Nikangoja. Saa ikafika, nikawasha, na kabla sijabonyeza nikasikia Odeta anafungua, na mara tu alipoachia kitufe Mzee Luhaga akaingia.

"Odeta, mwanangu hajarudi."

Nikabonyeza nikaita dharura. Redio yangu dhaifu, yake ina nguvu, sikuwa kitu. Nilipoachia nikasikia Odeta anamjibu: "Pole sana, mzee wangu. Pole sana. Sema, tunakusikiliza. Mialo yote, zungusheni."

Hilo la kuzungusha, watu walilisema sana baadaye. Mtu amepotelewa na mtoto, wewe unamwekea kuku? Walimwona ana roho ya jiwe. Nami nilimuuliza, siku nilipofika kwake Kiseke, tumekaa uani tunamenya viazi. Aliniambia kwamba kumzungusha kuku wake asubuhi ile kulimuuma. Akasema, "Lakini Akelo, mtu anayemtafuta mwanawe anataka kusema tu, au anataka kujibiwa? Na angejibiwaje akiwa ameshika kitufe?" Hakujua kwamba jibu lilikuwa kwangu linakunywa uji. Alijua tu kwamba lazima pawe na mahali pa jibu kupita.

Basi mzee akaanza kusema. Alisema Revocatus alitoka na mwenzake jana kukagua nyavu. Alieleza rangi ya mtumbwi. Alieleza shati alilovaa. Kisha akasema ameshawaita vijana wote wa mwalo wake, mitumbwi yote iko majini, injini zinanguruma, na akimaliza tu kusema nasi wanatoka kwenda kutafuta. Katika ziwa lile? Wangezama wote, wakiwatafuta watu waliokaa jikoni kwangu. Nikabonyeza, najua haisaidii, nikabonyeza tena. Kila nikibonyeza kitaa kinafifia, Otuoma akanishika mkono akasema, "Utaimaliza betri. Ngoja kuku."

Mzee akaanza kulia. Si kilio cha sauti. Ni maneno yanayokatika. Revocatus akainua kichwa. Akasema, "Sijawahi kumsikia baba akilia." Kisha akaisogelea ile redio, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, niko hapa," kama vile redio ina masikio. Nilitamani kumrushia mtu kitu. Nilimtazama kuku wangu anavyorudi, mnene, mwekundu, hana haraka, nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Kuku akalia. Wangu akalia mezani, na kutoka ndani ya redio, nyuma ya sauti ya mzee, nikasikia na wa kwake akilia juu ya kabati. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

Mzee hakuachia. Aliendelea kusema juu ya kengele, kuku wake akalia mpaka akaishiwa, na yeye anaendelea, anamtaja mtoto alivyokuwa mdogo, alivyofundishwa kuogelea. Nani angemlaumu? Mimi nilimlaumu, nilitukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, na Otuoma hakunizuia. Kitaa kilikuwa kimebaki alama tu. Nikajua kuku wa Odeta wameshindwa, kwa sababu kuna siku ambayo kitu cha plastiki hakiwezi kumwambia mtu kitu.

Ndipo nyuma yake ikaja sauti ya mwanamke. Mama Teodora. Naye alikuwa amepotelewa na mtoto huyo huyo, na hakuwa na kitufe. Akasema, taratibu kabisa, "Baba Revo. Kuku amelia. Waachie na wenzako."

Mzee akanyamaza. Tukamsikia anavuta pumzi. Kisha kitufe kikaachiwa, na hewa ikawa wazi.

Nilibonyeza. Sikusalimia. "Mchangani. Revocatus yuko hapa, mzima. Wote wawili wazima. Msitoe mitumbwi. Nimeachia."

Kimya. Nikafikiri betri imekufa. Kisha Odeta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti ile ilikuwa imepanda: "Mchangani, nakusikia kwa mbali. Rudia. Wengine wote msibonyeze, tafadhali, mtu asibonyeze."

Na hakuna aliyebonyeza. Mialo yote ile, watu wale wenye midomo, wote wameelewa nusu na wanataka kupiga vigelegele, hakuna hata mmoja aliyegusa kitufe. Nikarudia. Kisha nikamsogezea Revocatus redio, nikambonyezea mwenyewe maana vidole vyake havikunjiki. Akasema, "Baba, ni mimi. Usimtoe mtu."

Tukasubiri. Mzee Luhaga akabonyeza. Tukasikia watu wanapiga kelele uani kwake, tukasikia Mama Teodora, tukasikia mtu anakimbia kuelekea majini akiita vijana wazime injini. Hewa yote ilikuwa ya mzee, na hakuna mtu ambaye angemwekea kuku kwa muda huo. Akasema, "Nimesikia," akaachia.

Nilimsikia Odeta akivuta kamasi, amesahau kwamba kidole chake kiko kwenye kitufe. Kisha sauti ikarudi pale pale ilipokuwa siku zote. "Magu, zamu yako," akasema. "Zungusheni."

Kitaa changu kikazima. Nilimzungusha kuku hivyo hivyo.